Nataka kuvuta boti ya tanga kutoka Kilifi hadi Lamu kwa barabara, naombeni ushauri

KijanaWaShela: Asalamu aleikum wakubwa. Nimepata boti ya tanga ya faiba, mtumba, futi 26, iko Kilifi kwenye kriki, bei laki nne na nusu, nataka ya kutembeza watalii Manda na Takwa. Sasa huu mwezi wa kwanza upepo wa kaskazi umeshika, kutoka Kilifi kuja huku ni kupiga bisho, kupinda-pinda dhidi ya upepo, njia nzima, ndo nikawaza niipakie kwa trela nivute na pikapu mpaka Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu, niishushe majini. Usingizi siupati. Kuna aliyewahi kuvuta kitu kama hiki?

MzeeWaMatanga: Aleikum salam mwanangu. Haraka ya nini? Ngoja demani, msimu ambao upepo wa kusi umepoa na bado unakusukuma. Unalala Ngomeni, alfajiri unaikata Ghuba ya Ungwana ukiwa mbali na Kipini, maana pale Mto Tana unamwaga tope na kina ni kifupi. Sisi tulipeleka boriti Mombasa kwa jahazi, kwenda na kaskazi kurudi na kusi, na safari moja foramali, ule mti unaobeba tanga, ilivunjika usiku tukashona tanga kwa taa ya chemli, nahodha wetu hakupandisha hata sauti…

DerevaWaGarsen: Mzee hiyo utatusimulia baadaye. Kijana, mkuku wake, ule uti wa chini ya boti, unakunjwa ama ni chuma kimesimama? Kama ni chuma, trela ya boti za uvuvi haikufai. Uzito wote uketi kwenye mkuku, tumbo lishikwe na nguzo tu lisilale. Mlingoti shusha. Trela ya karibu na maji chumvi beringi zake zishaliwa na kutu, fungua tia grisi kabla hujatoka, na Malindi, Garsen, Witu simama ushike vikombe vya magurudumu, vikikuchoma mkono usiendelee. Kama ni pana kuliko lori tafuta kibali cha KeNHA, wale wa barabara kuu. Njia ni lami lakini mafuriko ya 2023 yaliikata kule Gamba, ulizia kwanza, na usiku usipite, kuna wakati magari yalikuwa yakisindikizwa na askari. Mokowe ushushe maji ya bamvua, yakijaa sana.

MamaWaMkomani: Mkeo anajua hiyo laki nne na nusu? Shemeji yangu alinunua boti bila kumwambia mtu, leo kuku wanataga ndani 😂

PwaniSheria: Karatasi ziko kwa jina la nani?

KijanaWaShela: Shukran Dereva, mkuku ni chuma. Pikapu ni ya binamu, ina nguvu.

PwaniSheria: Nimeuliza karatasi.

KijanaWaShela: Ziko kwa jina la mzungu mwenyewe.

PwaniSheria: Na huyo mzungu ndiye anayekuuzia?

KijanaWaShela: Alifariki mwaka jana. Anayeuza ni mlinzi wake, kakaa naye miaka mingi, marehemu alimwambia kwa mdomo boti ni yako, na mashahidi wapo. Mshahara wa mwisho hakulipwa. Ni mtu wa msikitini, safu ya mbele. Na nishampa elfu themanini, sasa nirudi nyuma vipi?

PwaniSheria: Ndugu yangu, hiyo ni mali ya marehemu. Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, kuigusa bila idhini ya korti ni kosa, na wewe mnunuzi unaingia humo humo. Mshahara wake mlinzi ana haki ya kuudai, lakini kwa msimamizi wa mirathi. Bila sahihi ya msimamizi huyo huwezi kubadilisha jina.

JichoPevu_Malindi: Mnahangaika bure, hii hadithi ni ya kutunga. Picha hakuna, jina la boti hakuna, futi na bei anazo. Huyu ndiye mlinzi mwenyewe, anapima kama atashikwa.

MzeeWaMatanga: Hata mimi nashangaa. Mtu wa Shela hana nahodha mtaani wa kumuuliza?

MamaWaMkomani: Eeh! Ndo maana la mke hakujibu.

DerevaWaGarsen: Iwe ya kutunga ama ya kweli, yuko atakayesoma ana trela lake. Beringi jamani.

KijanaWaShela: Wallahi mimi si mlinzi. Manahodha wa hapa nikiwauliza kesho mji mzima unajua, ndo nikaja kwenu. Nimepata namba ya binti yake marehemu, yuko Ulaya, nimempigia sasa hivi. Hajui kama boti inauzwa. Ameomba picha. Na trela nishalikodi la Jumamosi, mwenyewe hataki kurudisha pesa.

PwaniSheria: Mtumie picha leo leo. Trela ahirisha hata kama pesa imekwenda. Huyo mlinzi anajua umempigia binti?