Mjadala: Ubavu wa kushoto wa Enterprise upigwe puti, au uachwe na nyaya zake?

Mtoto wa Kirumba:
Wakuu, Jumapili tulikaa wanne kibarazani kwangu tukizungusha tableti yenye picha za modeli ya Enterprise, chombo cha angani cha tamthilia ya Star Trek, kilichopo makumbusho ya anga ya Smithsonian, Washington. Tulianza saa kumi jioni, tukaachana saa tatu usiku kila mtu na lake. Naleta hapa mtuamulie.

Kwa asiyeifahamu: ni modeli ya mwaka 1964, ya mbao, bati na plastiki, urefu mita 3.4. Vitz inaizidi kidogo tu. Kwenye televisheni unaamini ni chuma. Ukivuta picha karibu, ubavu wa kulia una madirisha, maandishi, kila kitu. Zunguka kushoto sasa. Waliamua kuweka taa ndani baada ya modeli kwisha kuundwa, nyaya zikakosa pa kupita, wakazitolea kushoto, basi kamera ikawa haipelekwi tena upande ule. Chombo kilichotembea nyota zote kwa misimu mitatu kilikuwa na upande mmoja!

Leo watu wanakizunguka pande zote. Ubavu ule umaliziwe, au ubaki ulivyo?

Mimi nasema ubaki. Nina jirani, mzee, muundaji wa mitumbwi pale Mwaloni. Hajawahi kuiangalia Star Trek hata dakika moja. Nilimpa tableti. Sahani ile kubwa ya mbele hakuijali, injini hakuzijali. Akaenda moja kwa moja kwenye nyaya, akapanua kwa vidole viwili, akauliza: "Huyu kazi alitakiwa aitoe lini?" Kwa kutazama tu alishajua fundi alikuwa anakimbizwa. Piga puti hapo, piga msasa, puliza rangi, halafu umwonyeshe tena mzee. Atauliza nini?

Na puti ya kupitiliza imeshatokea. Ukarabati wa 1991 ulichora mistari kwenye mwili wa chombo, mizito mno, mashabiki wakalalamika kwa miaka. Waliokuja kuanzia 2014 hadi 2016 walianza kwa kuipiga eksirei kabla ya kushika brashi. Upande wa juu wa sahani, wenye rangi ya tangu miaka ya sitini, hawakuupaka upya.

Fundi Rangi, Igoma:
Mkuu, umeeleza vizuri ila umeruka kitu. Hao hao unaowasifu walipaka rangi upya sehemu kubwa iliyobaki. Walichagua mwezi, Agosti 1967, wakasema modeli irudi ilivyokuwa siku zile. Na zile kofia za mbele ya injini, zinazozunguka taa, wameweka taa za kisasa. Mimi ndiyo kazi yangu hiyo. Mteja akileta gari la ajali nikanyoosha milango mitatu, wa nne nikauacha na bonde lake "kwa ajili ya historia", atanilipa?

Ukishakubali kupaka, umeshatoka kwenye uasili. Kinachobaki ni kujua unapaka hadi wapi. Na mgeni anayetoka mbali na mwanawe anakuja kuona chombo, hakuja kuona gereji.

Dada wa Nyegezi:
Debe la dagaa limepanda bei, watu wazima mnagombania bati la Marekani.

Mtoto wa Kirumba:
Dada, dagaa tunakula huku tunabishana. Karibu.

Mwalimu wa Fizikia:
Fundi Rangi, hoja ya gari naikataa. Gari lina kazi ya kwenda barabarani. Modeli hii kazi yake ilikwisha siku kamera ilipozimwa. Sasa hivi kazi yake ni kusema ilitengenezwaje.

Nawaongezea mfano kutoka upande wa pili, filamu za Star Wars. Modeli za kwanza kabisa, zile za kumwonyesha mwongozaji kabla ya jambo lolote kuamuliwa, aliziunda Colin Cantwell kwa kuunganisha vipande vya modeli za dukani. Ya Death Star, ile ngome kubwa ya angani ya maadui, ilikuwa tufe la nusu mbili. Kwa maelezo yake mwenyewe, nusu hizo zilisinyaa pale zinapokutana, ukabaki mfereji kuzunguka katikati. Kuuziba kungemla siku nyingi za kujaza puti na kusugua. Akamwendea mwongozaji huyo, George Lucas, akamshauri uachwe uwe handaki, vyombo vipigane humo. Mnajua filamu ya 1977 inavyoishia, kwa mapigano ndani ya handaki hilo. Sasa Fundi, wewe ungepewa lile tufe asubuhi, jioni lingekuwa laini kama yai!

Halafu soko nalo limesema. Oktoba 2023 modeli moja ya X-wing, chombo kidogo cha kivita, iliyotumika kwenye filamu hiyo, ndogo, karibu nusu mita, iliuzwa mnadani Dallas kwa dola 3,135,000. Ilikuwa imelala kwenye boksi gerejini kwa mkusanyaji mmoja aliyefariki. Hakuna aliyeipaka ipendeze kwanza.

Fundi Rangi, Igoma:
Mwalimu umenipata kwenye tufe, nakubali. Lakini angalia: Cantwell aliacha kosa likiwa bado kazini, likaleta faida. Nyaya za Enterprise zilifichwa. Mwenyewe hakutaka zionekane! Sisi ni nani tumwanike fundi mwenzetu miaka sitini baadaye? Mimi nikifa, msifungue milango niliyoinyoosha.

Mtoto wa Kirumba:
Hapo umenigusa, sikuwa nimeufikiria upande wa fundi mwenyewe. Bado nasema uachwe, ila silali vizuri kama jana.

Mzee wa mitumbwi ameiomba tableti tena. Anataka picha ya shingo inayobeba sahani. Anasema kitu kizito vile juu ya mti mwembamba vile, lazima kuna mahali kilianza kuinama, na anataka kuona walikazia wapi. Mwenye picha iliyopigwa kwa chini, aitume.