Zahanati inatazamana na ziwa, mtoto akiumwa tumbo ni UTI na taifodi tu, kichocho hamkijui???

Wakuu salaam. Nimeamka na hasira na sitaki pole ya mtu.

Mimi nakaa Igogo hapa Mwanza, na starehe yangu ni moja tu maana bia niliacha, Jumapili nikiwa na hela ya mafuta nabeba familia tunatoka mjini tunafata ziwa kule ambako lami inaishia. Hapo ni sato wa kukaanga na ugali wa muhogo, wamama wameanika dagaa kwenye mchanga, upepo unapiga, watoto wanapanda mawe wanaruka majini hadi jua linazama. Kiingilio buku kwa kichwa. Choo hamna! Nilishamuuliza yule kijana anayekata risiti akanionyesha kichaka kwa kidevu, kidevu jamani, hata mkono hakuinua.

Sasa dogo wangu wa miaka tisa, tangu baada ya Pasaka tumbo. Leo linauma kesho limeacha, anaharisha, kachoka, mpira ambao alikuwa hakosi akawa anakaa pembeni anaangalia wenzake. Nikampeleka zahanati, ile ukikaa kwenye benchi la kusubiria unaliona ziwa lote na mitumbwi. Wakachukua mkojo na damu, majibu UTI na taifodi. Dawa siku saba. Wiki tatu hazijaisha tumerudi, UTI na taifodi. Mara ya tatu nikamwambia dokta mbona kwenye choo kikubwa nimeona damu, akasema amiba hiyo, akaandika dawa hata hajaomba kipimo cha choo, na nyuma yake ukutani kuna bango la kunawa mikono limepauka hadi sabuni haionekani.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja jirani, zamani alikuwa mtu wa maabara. Kamwangalia dogo akauliza swali moja tu, "huyu huwa anaoga ziwani?" Basi. Hilo swali miezi yote hiyo hakuna aliyeuliza. Kipimo cha choo sehemu nyingine, mayai ya kichocho yamejaa.

Na mimi nilikuwa mjinga kama wengine, nilijua kichocho ni kukojoa damu, kumbe ile ni aina nyingine, iko sana huko kwenye malambo na madimbwi. Hii ya ziwani ni ya tumbo, inatoka kwa choo kikubwa, ikikaa miaka inaharibu ini, tumbo linavimba na mtu anaweza kuja kutapika damu (watu wanasema karogwa). Na njia yake ni hicho kichaka cha risiti ya buku, mtu anajisaidia, mvua inasukuma mayai majini, yanaangua, vijidudu vinaingia kwa konokono wadogo wale wa kwenye majani, wiki kadhaa baadae vinatoka vingine vinatafuta ngozi ya mtoto wako, na kupenya ni dakika tu haisikii chochote.

Wanasema ufukwe ni mwamba choo hakichimbiki. Sawa, ni mwamba, Mwanza nzima ni mwamba, mbona loji iliyo hatua mia kutoka hapo ina choo cha kuvuta na maua mlangoni??

Hapa nijiseme na mimi kabla hamjanisema. Siku ya kumeza dawa za kichocho shuleni mwaka jana nilimbakisha dogo nyumbani kwa maneno ya mtaani eti watoto wanazimia. Kuna watoto wanatapika na kusikia kizunguzungu ni kweli, hasa wakimeza tumbo tupu, ndo maana wanaambiwa wale kwanza. Hilo ni kosa langu na mama yake hajaacha kunikumbusha. Ila hata wale waliomeza, jumamosi iliyofuata si walikuwa maji yale yale? Dawa inaua minyoo mikubwa iliyomo mwilini siku hiyo, haikuwekei ukuta.

Nikarudi na majibu pale zahanati wanipe dawa. Jibu, dawa za kichocho zinakuja na kampeni za shule, hapa hatunaga. Hatunaga! Ufukweni mwa Ziwa Victoria! Nikanunua duka la dawa, wamempima kilo wakahesabu vidonge, kameza baada ya uji, ameanza kuchangamka.

Sasa shida yangu nyingine, kwenye hayo maji mimi nimeoga tangu niko darasa la pili na shuleni sirudi tena kupanga foleni na watoto. Nani hapa anajua sehemu wanapima watu wazima choo bila kukuandikia UTI kwanza, iwe Nyamagana au Ilemela nitafika. Maana tumbo langu nalo siku hizi silielewi, na nilikuwa nasingizia maharage.