Naomba ushauri, maji ya kisima yananuka petroli (Moshi)
Wakuu habari zenu, nipo Moshi, tuna kisima nyumbani na hapo juu yetu kidogo kuna sheli ya siku nyingi. Tangu masika iishe maji yananuka petroli, ukiacha ndoo itulie unaona utando wa rangi rangi juu, watoto nimewakataza hata kuogea. Kuchemsha sio dawa, maana benzini (kemikali iliyomo kwenye petroli, ndo inaleta kansa) inachanganyika na maji, na ukichemsha inatoka na mvuke unaivuta. Mwenye sheli anasema matenki yake mazima ila kisima cha kupimia kama mafuta yanavuja ardhini hana hata kimoja. Nianzie NEMC (baraza la mazingira) au ofisi ya maji ya Bonde la Pangani hapa mjini? Na sampuli nibebe kwenye chupa ya glasi? Mama ameyanywa wiki nzima, nina wasiwasi sana jamani.