Modeli yangu ya sakafu ya nyonga imekakamaa kama ubao, nakosea wapi?

nyuzi_tatu: Habari zenu wakuu. Wiki ya tatu hii nagombana na kitu kimoja. Nimetengeneza modeli ya kompyuta ya misuli ya sakafu ya nyonga (ile inayobeba kibofu na puru kutoka chini) kutoka picha za MRI za mama mmoja aliyejitolea. Nimeichora kipande kwa kipande kwa mkono (macho yamenitoka), nikaigawa elementi 40,000 (vipande vidogo vya kukokotolea, kila kimoja kama piramidi ya pembe nne), kisha nikaikandamiza kutoka juu kwa shinikizo la kilopaskali 8, kuigiza mtu anayejikamua, yaani anayesukuma chini kama yuko haja. Picha za mama huyohuyo akijikamua zinaonyesha shingo ya kibofu inashuka milimita 14. Yangu inashuka 2. Mbili!

Nimetumia Mooney-Rivlin (kanuni ya vitu vinavyovutika kama mpira), namba za ugumu zimetokana na vipimo vya maiti. Kuna mtu kaniambia nizigawe tu kwa tano hadi majibu yakubali. Nafsi inakataa. Mnashaurije?

fundi_wavu: Isikilize nafsi yako. Kabla hujagusa namba za ugumu, fungua ramani ya shinikizo ndani ya msuli. Ukiona mabaka mekundu na ya bluu yanapokezana kama ubao wa drafti, ugonjwa uko kwenye elementi. Msuli umejaa maji na ujazo wake haubadiliki, kwa hiyo najua umeweka namba ya Poisson (inayosema kitu kinabana kiasi gani ubavuni kikivutwa; 0.5 ni ujazo usiobadilika) karibu kabisa na 0.5. Elementi ya pembe nne yenye nodi (pointi za kukokotolea) nne tu, ukiizuia kubadili ujazo, haina tena pa kujipindia. Weka zenye nodi kumi, na shinikizo litafutwe lenyewe, kando na msogeo.

nyuzi_tatu: Mkuu, drafti tupu! Nimebadilisha, kompyuta imevuma usiku kucha, asubuhi nakuta milimita 6. Afadhali, ila bado.

mama_viungo: Mimi hesabu sizijui, ni mtaalamu wa tibamaungo, misuli hii naipima kwa vidole. Mwanangu, nyuzi umezilaza upande gani? Zile za ndani zinatoka mfupa wa kinena, zinazunguka nyuma ya puru na kurudi upande wa pili, kama kombeo. Za nje zinakwenda kimshazari kuelekea kifandugu. Modeli isiyojua hilo inavutika sawa kila upande.

Halafu pembeni umeishikiza wapi? Ule upinde wa kano ambako msuli umening'inia si ukuta wa zege. Mtu akijikamua, nao unasogea.

Na msuli huu haulali. Hata umekaa kimya, una mkazo wake. Unalegea ukienda haja. Maiti hana mkazo huo.

fundi_wavu: Mama kasema kweli, ila nyuzi_tatu jiandae: ukiongeza mkazo huo, modeli itakakamaa zaidi, haitalegea. Na hoja yake ina mkia. MRI imepigwa msuli ukiwa tayari umebeba viungo, kwa hiyo umbo unaloanzia si la msuli usio na mzigo. Kwenye modeli za uzazi hili linauma zaidi. Lien na wenzake, mwaka 2004, walipata msuli wa ndani kabisa ukirefuka hadi mara 3.26 ya urefu wake wa mwanzo kichwa cha mtoto kinapopita. Ukikosea huo urefu wa mwanzo, namba nzima inahama.

nyuzi_tatu: Nakiri, nilikuwa nimegandisha kingo zote. Nimeweka springi kwenye upinde wa kano, sasa ni milimita 11. Nyuzi bado naziandaa, namba za maiti sijazigusa. Ila ugumu wa springi nimeukisia, na hilo linaninyima usingizi.

fundi_wavu: Ukisie, lakini usithibitishe kwa picha zilezile za kujikamua ulizotumia kukisia. Una picha akibana sakafu hiyo kwenda juu?

nyuzi_tatu: Ninazo, ila nikizitazama vizuri naona makalio ndiyo yamekaza, sakafu yenyewe haijapanda hata kidogo.

mama_viungo: Ndiyo kawaida yao! Na wengine ukiwaambia wajikamue, wanabana bila kujua. Hiyo 14 yako nayo iangalie kwa jicho la pili. Mwite tena, afundishwe kwanza kubana na kulegeza, mkono wa mtu ukimhakikishia, ndipo aingie kwenye mashine.

nyuzi_tatu: Nampigia leo.