Ushauri wakuu: tunaenda maporomoko ya Nyungwe kwa bajeti ya kubana, mwenzetu ana pumu na washkaji wanataka abaki

MtotoWaTandika:
Habari za mchana wakuu, poleni na jua la mji huu. Tupo washkaji watano tuliosoma wote, sasa hivi kila mtu na mishe zake hapa Dar, tumekuwa tunachanga kidogo kidogo kwenye kikundi tukisema lazima tutoke nje ya nchi hata mara moja. Dubai na Thailand zimetushinda kwenye hesabu tukaona twende Rwanda kwa basi, msitu wa Nyungwe, tukatembee porini mpaka kwenye maporomoko. Viza hamna maana ni Jumuiya, basi linapita mpaka wa Rusumo, kwahiyo hela kubwa ni nauli, kulala na hifadhi.

Sasa wawili kati yetu wanasema kulipia muongozaji ni kupigwa tu, eti tushukie njiani tuingie wenyewe, ramani si ipo kwenye simu. Hilo naweza kulibeba. Linaloninyima usingizi ni la dada mmoja kwenye kundi, nimwite Z, ana pumu. Sio ya kulazwa lazwa ila vumbi na baridi vinamsumbua. Hao hao wawili wamefungua kikundi kingine bila yeye, wananiambia mimi kwa vile ndo mshika hela nimwambie abaki Kigali azurure mjini, sisi twende msituni, atatuchelewesha. Na Z ndo mtu ambaye mchango wake haujawahi kuchelewa hata siku moja, wao ndo wa kukumbushwa kila mwezi!

Tulipanga Aprili, Pasaka, ndo ruhusa za kazini zinapatikana. Nifanyeje? Matusi pelekeni jukwaa lingine 😀

Kipozeo_Mbagala:
Rwanda mnafuata nini aisee. Sanje ipo Morogoro hapo, Udzungwa, mita 170 za maji yanashuka kwa hatua tatu, unalipa kwa shilingi, unaoga chini ya maji, unarudi Mang'ula unakula wali maharage. Na kuna nyani wa pale pale, mangabi wa Sanje, duniani kote hapatikani nje ya milima ile. Watanzania tunapenda kugongewa mhuri tu kwenye pasi.

MtotoWaTandika:
Mkuu Sanje naijua ila mchango ulikuwa wa nje ya nchi, nikibadilisha hata wale wazuri watanigeuka.

Tandiboi wa Rusumo:
Vijana mimi njia hiyo ndo kazi yangu, gari kubwa Dar Kigali, nawaambia ninachokijua. Kwanza Aprili ifuteni. Mvua za masika kule ni Machi mpaka Mei na Nyungwe ni msitu wa mvua kweli kweli, upo juu mlimani kuanzia kama mita 1,600 hadi karibu 3,000, njia inakuwa utelezi mtupu, tena mawingu yanashuka hadi kwenye lami. Halafu kuanzia tarehe 7 Aprili ni wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya 1994, nchi nzima ina maombolezo, baa hazipigi muziki, sherehe hamna. Sasa watano mmetoka Dar na spika yenu mnataka kula bata, mtajiona mmekosea nyumba. Nendeni Juni mpaka Agosti, ndo kiangazi chao.

Pili, Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi kuna umuganda, kazi za jamii, watu wote wanafagia na kulima barabara, maduka yamefungwa na mabasi hayatembei mpaka kama saa tano. Msipange kutoka Kigali siku hiyo mtakaa stendi ya Nyabugogo mmenuna. Na saa zao zipo nyuma yetu kwa saa moja, mkivuka badilisheni simu.

Nyabugogo hapo ndo mnapandia basi la Rusizi, linapita Huye, Nyamagabe, kisha linakata msitu katikati. Mwambieni konda mapema mnashuka wapi, ukilala umefika Kamembe, mji wa mwisho wa njia kule Rusizi. Wala sio mbaya, Kamembe Kiswahili kinapigwa vizuri tu kwa sababu ya Wakongo wa Bukavu hapo ng'ambo, na vyumba vya bei poa vipo.

Sisi_ni_wapole:
Tandiboi umemaliza. Naongezea kwa MtotoWaTandika: hao jamaa zako wa "tuingie wenyewe" waambie ile ni hifadhi ya taifa, njia za maporomoko unatembea na muongozaji wa hifadhi, full stop. Ukikutwa ndani bila kibali huo msamaha utauomba kwa lugha gani? Alafu tangu Septemba 2023 Nyungwe ipo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, ulinzi hauchezewi. Wananchi wa Afrika Mashariki kuna bei yao ya chini kuliko wazungu, kwahiyo beba pasi yako na uombe bei hiyo wakati wa kubuku, usisubiri ufike getini. Hela bana kwenye chakula na kulala.

Ile njia ya maporomoko ya kutokea kijiji cha Gisakura inaanza kwenye mashamba ya chai, unatembea kwenye jua zuri unapiga picha unajiona bingwa, ndo msitu unakumeza unaanza kushuka kuelekea kwenye maji. Ni kama kilomita 10 kwenda na kurudi. Watu wanasahau kitu kimoja: kwenda ndo mteremko, mlima unakusubiri wakati wa kurudi ukiwa umechoka na umelowa. Kwahiyo hapo atakayechelewesha wenzake unaweza ukakuta sio Z, ni huyo mwenye kelele aliyekimbia wakati wa kushuka.

nesi_wa_zamu:
Naomba niongelee pumu maana naona wote mmeipita. Mdogo wangu, pumu iliyodhibitiwa haimzuii mtu kutembea mlimani. Kinachomuumiza ni hewa baridi na kavu, kukurupuka bila kupasha mwili, na kwenda kwa mwendo wa mtu mwingine. Amuone daktari wake wiki kadhaa kabla, aulize kama atumie pampu dakika chache kabla ya kuanza kutembea, wengi wanaelekezwa hivyo. Pampu ya bluu, ile ya kuvuta ukibanwa, ikae mfukoni mwake yeye mwenyewe, isiwe kwenye begi ambalo mwenzake kaondoka nalo mbele, na nyingine ya akiba abebe mtu mmoja anayejua kuitumia. Akianza kubanwa anakaa ameegemea mbele, hamumlazi chali kama mnavyoona kwenye tamthilia. Na mwambieni muongozaji mapema, sio mkifika bondeni.

Ila anayeamua kwenda au kubaki ni Z na daktari wake. Hao wawili ni madaktari wa wapi? Na wewe unaogopa nini kumwambia kuna kikundi cha pembeni?

MtotoWaTandika:
Dada nesi umenigonga pabaya. Naogopa akijua atadai mchango wake na safari inakufa.

nesi_wa_zamu:
Basi ni hela zenu mnazilinda, Z hayumo hapo. Sema ukweli.

Kipozeo_Mbagala:
😂😂 nesi hana sindano ya ganzi

ChaiRangi:
Mimi naona mshika hela una rungu mkononi na hulitumii. Andika kwenye kikundi kikubwa kile chenye watu wote: tunaenda watano, muongozaji analipiwa, mwendo ni wa mtu wa nyuma, asiyetaka achukue chake leo. Utaona kama kuna atakayetoka, maana hao wa kukumbushwa michango hawana hata pa kwenda.

Na pasi mnazo nyie? Mnaongelea maporomoko hapa, pasi ni laki na nusu kila mtu na uhamiaji wana foleni zao. Chanjo ya homa ya manjano nayo pateni mapema, kadi inahesabika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa na siku hizi ni ya maisha, mkija kunogewa mkapitia Uganda wataidai.

Tandiboi wa Rusumo:
Chai umenena. Pale mpakani kuna vijana wa kubadilisha hela wanakudaka kabla hujashuka, badilisha ya kutosha nauli na maji tu, nyingine Kigali dukani. Na soksi ndefu vijana, suruali ichomekwe ndani ya soksi, siafu wa msitu ule hawajui kama umetoka Dar.

MtotoWaTandika:
Wakuu nimerudi. Nilimpigia Z kabla ya kuandika popote, nikamwambia yote hata kile kikundi. Kanyamaza kidogo halafu kaniuliza "kwahiyo na wewe ulikuwemo siku zote hizo?" Sikuwa na jibu. Mchango hajadai, ila kasema chumba atalala peke yake na hao wawili asipangwe nao siti, na kliniki anaenda wiki ijayo. Nikaandika kwenye kikundi kama alivyosema ChaiRangi. Mmoja kaweka dole gumba, mwingine kasoma mpaka sasa kimya, ila asubuhi katuma mchango wa miezi aliyokuwa anadaiwa, sijui nielewe vipi.

Tumehamishia Agosti tuunganishe na Nane Nane. Na wazo la Kipozeo tumelichukua nusu, Juni tunaenda Sanje wikiendi moja kujipima, hapo nani anachelewesha nani tutajua.

Swali la mwisho, buti za mitumba za Karume zinafaa au soli itabaki kwenye tope?

Sisi_ni_wapole:
Zinafaa ila ikunje soli kwa mkono kabla hujalipa, ikitoa ufa kwenye gundi achana nayo. Na usiende nazo mpya mguuni, zivae hata sokoni mpaka zikuzoee.

Kipozeo_Mbagala:
Sanje nani muongozaji wenu? Mi nipo Juni nzima, chakula tu mnilipie.