Nimepata ajira ya serikali, shule binafsi imegoma kunirudishia vyeti vyangu. Zimebaki siku 9

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Leo nimetoka huko shuleni saa saba mchana, mara ya tatu ndani ya wiki moja, na nimerudi mikono mitupu.

Mimi ni mwalimu wa Historia na Kiswahili, shahada, nimehitimu 2017. Walimu wa masomo ya sanaa mnajua maana yake. Wenzetu wa Fizikia na Hisabati walikuwa wanaitwa, sisi tunasoma tangazo mpaka mstari wa mwisho na masomo yetu hayamo. Nimefundisha twisheni. Nimejitolea sekondari ya kata kwa nauli ya michango ya wazazi. Nimefanya kazi shule moja binafsi miaka miwili, NSSF inakatwa kila mwezi kwenye karatasi ya mshahara, na siku nilipokwenda kuangalia kwenye mfuko huo wa hifadhi ya jamii nikakuta michango ya miezi minne tu. Mwaka jana nikafanya usaili wa kazi za serikali wa Sekretarieti ya Ajira, nikafaulu, nafasi zikajaa, nikawekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi. Kanzidata hailipi kodi ya chumba. Hivyo Desemba nikaomba kazi shule nyingine binafsi, mkoani Pwani, nikafanyiwa usaili wa kufundisha mbele ya mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma, wakanipokea.

Tarehe 9 Desemba nilisaini mkataba wa miaka miwili. Mshahara 450,000, chakula cha mchana, kazi kuanza siku shule inapofungua Januari. Siku hiyo hiyo katibu muhtasi akaniambia niache vyeti halisi vyote, cha kidato cha nne, cha sita na cha chuo, "kwa ajili ya uhakiki, utavichukua tukifungua." Nikavitoa. Kosa langu ni hilo na nalikubali. Lakini nani ambaye hana kazi miaka yote hiyo angesimama mbele ya meza ya mwajiri kusema hapana, chukua nakala?

Tarehe 2 Januari tangazo la kuitwa kazini likatoka na jina langu limo. Nimepangiwa halmashauri moja mkoani Kigoma. Mama nilimpigia saa tano usiku, akadhani kuna msiba.

Kabla hamjanishambulia, nakubali kwamba nilisaini, na mtu akisaini watu wanamtegemea. Ratiba ya mwaka ilikuwa imeshapangwa na jina langu limo, kidato cha tatu mikondo miwili na kidato cha nne mmoja. Ndiyo maana sikuzima simu wala sikutoroka. Tarehe 3, shule bado haijafungua, nilikwenda mwenyewe na barua ya notisi mkononi. Na sikwenda na barua tu. Nilikwenda na jina na namba ya mwenzangu niliyesoma naye chuo, masomo yale yale, yuko tayari kuanza siku ya kufungua bila kukosa hata kipindi kimoja. Nilijua kumpata mwalimu wiki ya kwanza ya Januari ni kazi, nikaifanya mimi.

Mkuu wa shule alinielewa. Alinipa mkono, akanitakia heri. Akasema vyeti anavyo mkurugenzi.

Mkurugenzi ana kabati la chuma nyuma ya kiti chake. Akalifungua nikiwa nimesimama, na hapo ndipo nilipoona. Bahasha za kaki, zimepangwa kwa kusimama kama mafaili, kila moja ina jina la mwalimu kwa kalamu nene nyeusi. Nimehesabu kumi na saba nikaacha. Nyingine zimechakaa pembeni, za watu walioanza kazi zamani. Yangu ilikuwa ya mbele kabisa, wino bado mweusi. Akaitoa, akaiweka mezani, akaiwekea kiganja juu yake, akasema: "Mwalimu, hii utaichukua ukileta mishahara ya miezi mitatu. Soma mkataba." Kisha akairudisha kabatini na kufunga.

Miezi mitatu ni 1,350,000. Sijapokea hata senti moja ya shule hiyo. Sijala hata sahani moja ya wali wao.

Nikarudi nyumbani nikasoma mkataba, na safari hii nikausoma sambamba na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mkataba unasema mwajiri anaweza kuniachisha kazi wakati wa majaribio kwa notisi ya siku 7, lakini mwalimu akitaka kuacha atoe miezi mitatu au alipe. Kifungu cha 41 cha sheria kinasema notisi ikitolewa ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira isipungue siku 7, na baada ya hapo kwa anayelipwa kwa mwezi isipungue siku 28. Mnaweza kukubaliana muda mrefu zaidi, sawa, lakini sheria inataka muda huo uwe sawa kwa pande zote mbili. Sawa! Yeye siku saba, mimi siku tisini, usawa uko wapi hapo? Na mfanyakazi akikataa kufanya kazi kipindi cha notisi, kinachoruhusiwa ni kumkata kwenye stahiki zake. Nimeisoma sheria ile mara mbili, sijaona mahali mwajiri anaporuhusiwa kuweka rehani cheti cha mtu.

Nilimpelekea nakala ya kifungu hicho safari ya pili. Nilimwambia, mzee, nikatwe siku 7 nitakulipa leo leo kwa simu, fedha ninazo, laki moja na kitu. Hakuitazama ile karatasi. Akasema "nyie walimu mnatuona sisi ni kituo cha basi."

Neno hilo limeniuma kuliko hata ile milioni. Maana anayewafanya walimu wapite kwake kama abiria ni yeye. Mkataba huo huo unasema miezi ya Juni na Desemba, shule ikifungwa, mwalimu analipwa nusu mshahara. Kodi haiendi likizo. Serikalini nitalipwa miezi yote 12, michango yangu itakwenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, nitaanza kulipa deni la Bodi ya Mikopo ambalo limekaa juu ya kichwa changu tangu 2017. Angekuwa ananipa nusu ya usalama huo nisingekimbilia Kigoma na kumwacha mama Morogoro.

Na niwaambie kitu kingine. Leo nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi, mwalimu mmoja wa pale, wa kike, alipita akaniinamia kama ananisalimia, akaninong'oneza: "Kaka, ungekaa kimya uombe vyeti kwa ajili ya mkopo benki, ukishavipata uondoke. Sisi wote hapa ndivyo tunavyofanya." Yaani niliyekwenda kwa heshima, na notisi, na mbadala, ndiye ninayesota. Anayedanganya na kuondoka usiku wakati kidato cha nne wako kwenye mock anapata vyeti vyake. Halafu mkurugenzi analalamika walimu hawana uaminifu.

Polisi nimekwenda, wakaniambia hayo ni madai ya kazi, niende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). CMA sina shida nayo, ila msuluhishi kisheria ana siku 30 za kusuluhisha. Mimi nilipewa 14 za kuripoti na vyeti halisi mkononi. Zimebaki 9, na safari ya Kigoma imo humo humo.

Kuna jamaa amenishauri niripoti polisi kwamba vyeti vimepotea, nipate taarifa ya upotevu, niombe Baraza la Mitihani (NECTA) cheti mbadala. Sifanyi hivyo. Vyeti havijapotea, najua kabati vilipo, na siwezi kuanza utumishi wa umma kwa kudanganya polisi.

Ninachoomba: aliyewahi kupitia hili, afisa kazi wa mkoa aliingilia? Barua ya wakili ilisaidia, na iligharimu kiasi gani? Na kwa aliye halmashauri, afisa utumishi anaweza kunipokea kwa nakala zilizothibitishwa huku nikisubiri? Jina la shule sitaliweka hapa, msiniombe hata PM.

NYONGEZA, saa 2 usiku: Mkuu wa shule amenipigia. Anasema mwenzangu niliyempeleka amepokewa, kasaini leo jioni. Nimempigia mwenzangu hapo hapo kumuuliza kama kaacha vyeti. Kaviacha. Vyote vitatu.