Mwovu kabisa ni nani: Sewer King, Clock King au Ferris Boyle?

MtuWaKayole
Wadau, hamjambo. Jumapili mvua ilitufungia ndani mimi na wapwa zangu wawili, nikawawekea ile katuni ya Batman ya 1992. Nilidhani nawaburudisha, kumbe naleta kesi nyumbani. Tumetazama vipindi vitatu na hadi leo hatuelewani.

Joker na Two-Face siwataki hapa, hao wana mashabiki wao. Nauliza kuhusu hawa wadogo, wa kuja mara moja mbili kisha wakasahaulika. Kuna Sewer King, anayeishi kwenye mitaro ya maji machafu na mamba wake na kuwatuma watoto juu mjini wakaibe. Kuna Temple Fugate, yule Clock King. Halafu kuna Ferris Boyle, mkubwa wa kampuni ya GothCorp, aliyemfanya Mr. Freeze akawa vile alivyo.

Kura yangu ni ya Sewer King na sioni ubishi unatoka wapi. Wale watoto hawaruhusiwi kusema hata neno. Akikosa mmoja, anafungiwa penye mwanga mkali, na mtoto mwenyewe amezoea giza. Mpwa wangu mdogo, ana miaka saba, aliniuliza, "Kwani mama zao hawawatafuti?" Nilikosa jibu, nikaenda kupika chai.

Wambo_Umoja
Clock King mtoe kwanza tupumue. Mtu anakunywa kahawa yake saa tisa kamili kila siku ya Mungu. Hamilton Hill, wakati huo bado wakili, akamshauri ajilegeze kidogo, siku hiyo ainywe saa tisa na robo. Siku hiyo hiyo karatasi zake za kesi zikaharibika, akafika kortini amechelewa, rufaa ya dola milioni 20 ikaenda na maji. Miaka 7 baadaye Hill ni meya, naye Fugate analipiza kisasi kwa kuchezea taa za barabarani ili magari yakwame.

Jamani, angefanya hivyo Nairobi nani angejua? Hapa hata taa ikiwa kijani unamwangalia polisi kwanza.

FundiSaa
Mimi natengeneza saa River Road na nimejiona nikitukanwa. Ila Wambo, umeruka ile sehemu anapomfunga meya kwenye saa kubwa ya mnara, mishale inasogea polepole ili imbane ikifika saa tisa na robo. Yaani amekaa miaka yote hiyo akipanga hata dakika ya mtu kufa. Hiyo si hasira ya msongamano.

Lakini sawa, hata mimi simpi namba moja. Alipoteza kitu, amechanganyikiwa.

Njoki wa Makadara
Mnahesabu mamba, mimi nahesabu mishahara. Kura yangu ni ya Boyle, na niwaambie kwa nini.

Victor Fries, ndiye huyo Mr. Freeze, alikuwa mfanyakazi wake. Mkewe Nora anaumwa ugonjwa usio na dawa, akamgandisha kwa mitambo ya kampuni ili asife kabla tiba haijapatikana. Pesa alizidisha, sikatai. Boyle akaja na askari akaamuru mitambo izimwe, na mgonjwa yuko ndani. Fries akamsihi. Boyle akampiga teke, akaangukia kemikali, hapo ndipo alipopoteza joto la mwili wake. Wakatoka wakamwacha. Halafu baadaye huyo huyo Boyle anaandaliwa karamu apewe tuzo ya utu! Tuzo ya kuwajali watu!

Niliwahi kufanya kazi Industrial Area, kampuni siitaji. Mishahara ya miezi miwili hatujaona. Mama mmoja wa kitengo cha kupakia aliomba alipwe mapema ampeleke mtoto hospitali, akaambiwa ajaze fomu asubiri. Wiki hiyo hiyo mkubwa akaenda kugawa unga, wapiga picha wakaitwa, sisi tukavishwa fulana mpya zenye jina la kampuni tukapige makofi. Bado zilikuwa na mikunjo ya kutoka kwenye karatasi. Jioni zikakusanywa zote, moja moja, kwa orodha.

Kwa hivyo nikimwona Boyle anatabasamu jukwaani, sihitaji mamba.

Otis_B
Sauti ya Boyle na sauti ya Joker ni ya mtu mmoja, Mark Hamill. Nimemaliza.

Mwanajua
Njoki dada yangu, pole kwa hayo. Ila tupime kwa mizani moja. Mwangalie Batman mwenyewe. Alipomkamata Sewer King alimwambia kwamba kuhukumu ni kazi ya mahakama, lakini safari hii anatamani aifanye yeye. Batman! Mtu ambaye hata Joker humrudisha Arkham, ile hospitali ya wahalifu vichaa, akiwa hai. Kwa Boyle je? Alimpa mwandishi wa habari, Summer Gleeson, ile kanda inayoonyesha kila kitu, akaondoka.

Njoki wa Makadara
Mwanajua, hakimu wako huyo ni yatima na ni tajiri. Watoto wasio na wazazi lazima wamchome. Boyle ni mwenye kampuni mwenzake, labda wameshakula meza moja.

Mwanajua
Hapo umenibana kidogo. Kidogo tu.

KaribuNaGlobe
Nauza chai na chapati karibu na mzunguko wa Globe, kwa hivyo Sewer King kwangu si katuni sana. Kuna kijana huja jioni kuomba chapati zilizobaki, chupa ya gundi imening'inia puani hata akiongea. Kila nikimuuliza jina ananipa jipya. Juzi alikuwa Kevo, leo ni Musa.

Na kuna mkubwa wao, husimama ng'ambo ya barabara akingoja waje na sarafu. Nimewahi kumwona akimzaba mmoja kofi kwa sababu ya shilingi kumi. Siku hiyo ningepewa kura, ningempa zote tatu. Shida ni kwamba huyo mkubwa namjua tangu akiwa mdogo, alikuwa anakuja kwangu kuomba chapati vilevile. Sewer King tunamkuta tu ameshakuwa mfalme, kipindi hakituambii alitoka wapi. Boyle hakuanzia mtaroni, hilo najua.

Mimi bado sijapiga kura.

FundiSaa
Mkuu, chapati ni bei gani siku hizi?

KaribuNaGlobe
Kwako wewe mtetezi wa Clock King, mara mbili. Na uje saa tisa kamili.

MtuWaKayole
Nimewasomea wapwa zangu haya yote, nikaruka tu yale ya gundi. Yule mkubwa amehamia upande wa Njoki, anasema teke ni teke. Mdogo amekataa katakata. Anasema Fries alipata nafasi ya kumsihi Boyle, lakini wale watoto wa mtaroni hata kuomba msamaha hawakuruhusiwa, kwa sababu ni kuongea.

Njoki wa Makadara
Eh. Huyo mtoto mnunulie soda.